Slabu ya siku moja na vijana watatu waliobaki nyumbani

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nasimamia ujenzi wa nyumba ya ghorofa huku Mwanga, Kigoma, kwenye mteremko. Jumamosi tulimwaga slabu ya mita 9 kwa 8, unene sentimita 15. Tulianza saa 12 asubuhi tukamaliza saa 2 usiku. Mikisa ilikuwa chini barabarani, zege tukalipandisha kwa mnyororo wa watu, ndoo za lita 20 zikiwa zimejazwa robo tatu. Nilikuwa na watu 14. Leo Jumatatu watatu hawajafika. Wa kwanza kiuno kimemkamata na maumivu yanashuka mguu wa kulia mpaka unyayoni. Wa pili hawezi kuinua mkono. Wa tatu ni kijana mgeni katoka Kasulu, ilikuwa siku yake ya pili kazini: mwili wote unauma, mapaja yamekaza kama ubao, na mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. Mwenye nyumba anasema ni uvivu wa vijana wa siku hizi. Wenzao wanataka tuchange hela wachomwe sindano za maumivu warudi. Niwafanyie nini? Na mwezi ujao tuna slabu kama hiyo kwa jirani, nipange vipi?

Jibu: Marahaba fundi. Kabla hujasoma chochote zaidi, mpeleke huyo kijana wa Kasulu hospitali leo hii, hata kama ni jioni. Usisubiri kesho uone kama mkojo utatakata. Mengine yote yanaweza kungoja, hilo haliwezi.

Misuli ikilazimishwa kupita uwezo wake, hasa juani na mwilini maji yamepungua, nyuzi zake hupasuka na vilivyomo ndani humwagika kwenye damu. Madaktari huuita ugonjwa huo rabdomayolisisi. Viwili kati ya vinavyomwagika ndivyo vinavyoua. Kimoja ni protini nyekundu ya misuli, ambayo huchujwa na figo na kuzizibisha. Hiyo ndiyo inayoupa mkojo rangi ya chai ya rangi au ya kola. Cha pili ni potasiamu, ambayo ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo na yanaweza kusimama ghafla. Dalili huchelewa kujitokeza, mara nyingi siku moja hadi tatu baada ya kazi yenyewe. Ndiyo maana Jumamosi usiku alionekana kachoka tu kama wenzake, na leo hawezi kushuka kitandani.

Nenda naye mwenyewe au mtume mtu anayejua kilichotokea, maana Kigoma kila mwenye homa na maumivu ya mwili huanza kufikiriwa malaria. Kipimo cha malaria kifanyike, ni sawa kabisa, kwa sababu malaria kali nayo huweza kuleta mkojo mweusi. Lakini mganga asipoambiwa kwamba kijana alibeba zege saa 14 juani, anaweza kuishia kwenye malaria. Mwambie hivyo kwa maneno machache na uombe waupime mkojo kwa kile kijiti cha rangi. Kuna jambo la kuliangalia hapo: kijiti kitaonyesha kuna damu, lakini mkojo huohuo ukiwekwa kwenye darubini chembe nyekundu za damu hazionekani, au ni chache sana. Tofauti hiyo inaelekeza kwamba rangi huenda imetoka kwenye misuli, ingawa malaria kali inayopasua chembe za damu nayo huweza kutoa jibu hilohilo. Baada ya hapo wanatakiwa kupima kreatinini, takataka ya damu inayoonyesha kama figo zinachuja, na potasiamu, na CK, kimeng'enya cha misuli, kama maabara inaweza. Tiba yenyewe ni dripu nyingi za maji ya chumvi kwa uangalizi, haifanyiki nyumbani. Zahanati ikikosa vipimo hivyo, iandike rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, Maweni, na msikae njiani. Akiwa bado anakojoa, anywe maji wakati mnasafiri. Asimeze diklofenaki wala ibuprofeni, na sindano ya maumivu asichomwe: dawa za kundi hilo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na figo zake sasa zinapigania uhai wake.

Sasa huyu wa kiuno. Maumivu yanayotoka kiunoni yakapita tako, nyuma ya paja na kuvuka goti mpaka unyayoni, kwa kawaida yanaonyesha kwamba mshipa wa fahamu umebanwa au umewashwa pale unapotokea kwenye pingili za chini. Mara nyingi chanzo ni diski, ule mto wa katikati ya pingili, uliotuna au kuchanika kwa nyuma. Kuna maswali ambayo lazima umuulize leo, hata kama yanatia haya. Je, sehemu inayogusa tandiko la baiskeli akikaa ina ganzi? Je, anashindwa kukojoa, au mkojo au choo kinamtoka bila kujua? Miguu yote miwili imelegea? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo lina maana huenda mishipa ya fahamu ya chini imebanwa yote, na hapo ni hospitali usiku huohuo. Ukichelewa, ulemavu hubaki hata baada ya upasuaji.

Akijibu hapana kwa yote, mwambie atembee hatua kumi kwa visigino, kisha hatua kumi kwa ncha za vidole. Akishindwa kuinua unyayo upande wa kulia, au kisigino hakinyanyuki, msuli umeanza kukosa amri ya mshipa na anatakiwa kuonwa na daktari wiki hii. Akiweza vyote viwili, kuna matumaini makubwa ya kupona bila kisu. Maumivu ya kiuno peke yake kwa watu wengi hupungua sana ndani ya wiki 4 hadi 6. Yakishuka mguuni huchukua muda zaidi, hata wiki 12.

Asilale kitandani wiki nzima. Siku moja au mbili za kujinyoosha zinatosha, baada ya hapo kulala kunadhoofisha misuli inayoshika uti na maumivu hukaa zaidi. Atembee mwendo mfupi mara nyingi kwa siku, mahali tambarare, si kupanda na kushuka vilima vya Mwanga. Akilala ubavu aweke mto katikati ya magoti; akilala chali auweke chini ya magoti. Kukandwa kwa maji ya moto hakuna ubaya. Ubaya uko kwenye kukanyagwa mgongo au kuvutwa kwa nguvu na mtu anayedai anarudisha pingili. Kwa mtu ambaye maumivu yameshafika unyayoni, mkandamizo huo unaweza kuisukuma diski izidi kuubana mshipa.

Dawa: parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi gramu 4 kwa siku. Au ibuprofeni miligramu 400 mara tatu baada ya kula, kwa siku chache tu, na asiwe na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Asichanganye ibuprofeni na diklofenaki, ni ndugu wa tumbo moja, kuchanganya kunaongeza madhara tu.

Kuhusu mchango wa sindano, usiuruhusu. Sindano ya diklofenaki haiunganishi kano wala hairudishi diski. Inazima kengele. Kijana anarudi kesho yake akiwa hasikii maumivu, anabeba mzigo uleule na kumalizia kuchana kilichobaki. Na sindano ya tako ikichomwa vibaya inaweza kugonga mshipa mkubwa wa mguu, akabaki anaburuta unyayo.

Bega la yule wa pili lina jaribio rahisi. Asimame, aulegeze mkono, wewe umuinulie polepole kwa mbele. Kama wewe unaweza kuuinua mpaka juu lakini yeye mwenyewe hawezi, huenda kano ya bega imekatika, aende kupimwa. Kama anauinua mwenyewe ila unauma sana ukifika katikati, kuanzia chini kidogo ya usawa wa bega hadi juu kidogo yake, huenda kano imevimba kwa kusuguliwa na mfupa. Huyo siku mbili za kwanza aweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku; pale Kibirizi kwa wauza samaki haikosekani. Mkono usifungwe kwa kitambaa cha shingoni zaidi ya siku mbili tatu, bega hukauka na kugoma. Ainame kidogo, ashikilie meza kwa mkono mzima, aache ule unaouma uning'inie na kuuzungusha duara ndogo kama pendulumu ya saa, dakika mbili, mara nne kwa siku.

Baada ya hao watatu, nije kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo jibu la mwenye nyumba lilipo.

Slabu yako ilikuwa na mita za ujazo 10.8 za zege. Zege mbichi lina uzito wa kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo mlipandisha karibu tani 26. Ndoo ya lita 20 iliyojazwa robo tatu ni lita 15, yaani kilo 36 bila ndoo yenyewe. Hizo ni ndoo 720. Na hapa watu wengi hukosea hesabu: kwenye mnyororo, mzigo haugawanywi kwa idadi ya watu. Kila ndoo inapita mikononi mwa kila mmoja. Ukiweka watu sita, kila mmoja wa sita amenyanyua tani 26 zote. Mnyororo unapunguza hatua za miguu, haupunguzi hata kilo moja mgongoni.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ina kanuni ya kukadiria uzito ambao wafanyakazi wengi wenye afya wanaweza kuunyanyua bila kuumia. Inaanzia kilo 23, mtu akiwa amesimama sawa, mzigo umegusana na mwili, usawa wa kiuno, kwa mara chache. Halafu inakatwa kulingana na hali. Mtu wa mnyororo anapokea ndoo mikono imenyooka, kama sentimita 40 kutoka kwenye vifundo vya miguu: kilo 23 zinashuka hadi 14. Anajipinda robo duara kumpa mwenzake: zinashuka hadi 10. Anarudia mara moja kila dakika siku nzima: zinabaki chini ya 8. Na kanuni hiyo imetengenezwa kwa kazi ya saa 8, si 14. Vijana wako walikuwa wakinyanyua 36 mahali panapostahili 8. Hakuna uvivu hapo. Ajabu ni kwamba walioumia ni watatu tu, na ningekushauri uwaulize polepole wale 11 waliofika leo, maana mtu anayelipwa kwa siku hasemi anaumwa mpaka ashindwe kusimama.

Kwa nini umbali wa mikono una nguvu hivyo? Chukua nondo ya milimita 16, yenye urefu wa mita 12. Ni kilo 19 hivi. Ishike katikati, ni nyepesi. Ishike mwishoni uinyanyue, haitoki chini. Mgongo ni vilevile. Misuli inayokuzuia usianguke mbele imeshikia kama sentimita 5 nyuma ya katikati ya diski. Mzigo ukiwa sentimita 40 mbele, umbali wake ni mara nane, kwa hiyo misuli inavuta kwa nguvu mara nane ya mzigo: kilo 36 zinakuwa karibu 290, bila kuhesabu uzito wa kifua na kichwa cha mtu mwenyewe. Nguvu hiyo yote inaikandamiza diski ya chini. Ongeza kujipinda, na nyuzi za ukuta wa diski, zilizopangwa mshazari kama za chandarua, nusu yake zinalegea na nusu zinabeba peke yake. Hapo ndipo zinapochanika.

Mawaidha ya "inama kwa magoti, mgongo unyooke" si mabaya, lakini peke yake hayajaonyesha kupunguza majeraha kwenye kazi kama hii. Mkanda wa mgongo nao usikupotezee hela. Hauna ushahidi wa kuzuia, na unampa mtu ujasiri wa kubeba zaidi. Kinachopunguza ni uzito, umbali, kimo cha kunyanyua, idadi ya mara na muda. Hivyo vitano viko mikononi mwako wewe unayepanga saiti, haviko mikononi mwa saidia fundi.

Kwa jirani, anza na mteremko. Nyumba nyingi za Mwanga zimechimbwa kwenye kilima: mbele slabu iko juu ya kichwa chako, nyuma ardhi imepanda ikakaribia kulingana nayo. Ninyi mliweka mikisa chini barabarani kwa sababu ndipo lori la mchanga lilipomwaga. Lipe lori tripu ya juu. Kama kuna njia inayofika upande wa mlimani, hata ya mzunguko, mchanga, kokoto na saruji vishushwe huko, mikisa ikae huko, na zege liende kwa toroli juu ya daraja la mbao mpaka kwenye slabu. Tofauti ya nauli ya lori ni ndogo kuliko siku moja ya watu watatu kulala nyumbani.

Daraja liwe na mbao tatu za inchi 2 kwa 8 zilizopangwa ubavu kwa ubavu, upate upana wa sentimita 60. Lisimamie mirunda kila mita moja na nusu, zifungwe zisiteleze, na pembeni pawe na mkono wa kushikia wenye kimo cha mita 1. Mwinuko usizidi mita 1 kwa kila mita 12. Likiinama kidogo kuelekea kwenye slabu ni bora, lakini kidogo tu, toroli lisije likamvuta mtu. Daraja lisikalie nondo za slabu. Weka vigoda vya mbao vinavyosimama kwenye fomu, yaani mbao zinazoshikilia zege mpaka likauke. Toroli lijazwe lita 40, si mpaka kufurika. Hiyo ni kilo 96, lakini zikilazwa mbele juu ya gurudumu, mikono inabeba sehemu ndogo tu. Na tairi lijazwe upepo asubuhi ile. Tairi laini linaongeza nguvu ya kusukuma kuliko watu wanavyodhani, na nguvu hiyo inatoka begani na kiunoni. Slabu kama yako ni toroli 270. Ukiwa na toroli 3, kila moja inakwenda mara 90, na kwa dakika 4 kila mzunguko mnamaliza kwa saa 6. Watu 14 wanatosha, na usiku hamuufikii.

Kama upande wa mlimani haufikiki kabisa, weka kapi kwenye jukwaa imara au kodi winchi. Ikishindikana hiyo pia, mnyororo ubaki, lakini uubadilishe. Tumia ndoo za lita 10 na uzijaze lita 6, piga mstari wa rangi ndani ili asiwepo wa kubishana. Hiyo ni kilo 15 pamoja na ndoo. Panga minyororo miwili, watu wasogeleane ndoo ipokelewe karibu na tumbo, na waelekeane ili wageuke kwa miguu, si kwa kiuno. Jukwaa liwe na ngazi za kimo cha mita 1.2, kusiwe na mtu anayesukuma ndoo juu ya bega lake; huenda bega la kijana wako liliumia hapo. Nafasi za mwanzo na mwisho wa mnyororo ndizo nzito zaidi, mtu asikae humo zaidi ya dakika 30. Ukimtoa mnyororoni usimpe koleo ukadhani amepumzika, misuli ni ileile. Mpe kazi ya kuhesabu, kumwaga maji, kusafisha ndoo au kushika waya wa poka, mashine ya kutikisa zege lishindiliwe. Kwa mpango huo unahitaji watu 18 hadi 20, na siku mbili.

Najua hizo siku mbili zitakusumbua, kwa sababu mmefundishwa kwamba slabu ikikatwa itavuja na kupasuka. Hofu hiyo ndiyo iliyowaweka watu kazini mpaka saa 2 usiku. Slabu inaweza kusimamishwa, mradi mahali pa kuisimamishia pamepangwa kabla na mhandisi aliyechora, kwa kawaida katikati ya nafasi kati ya mihimili, ambapo nguvu ya kukata ni ndogo. Unaweka ubao wa wima wenye matundu ya nondo, nondo zinapita bila kukatwa. Siku ya pili ubao unatolewa, uso unakwaruzwa mpaka kokoto zionekane, unafagiwa, unaloweshwa na kupakwa uji wa saruji kabla ya zege jipya. Sasa linganisha na mlivyofanya. Kwa kasi ya ndoo moja kwa dakika, kingo za zege zilikaa juani muda mrefu, zikaanza kushika kabla hazijafunikwa, kwa hiyo maungio yapo tayari, tena mahali ambapo hamkuchagua. Na watu wakichoka huongeza maji kwenye mikisa ili zege liwe laini kulisogeza. Kagua slabu hiyo kwa makini ikishatolewa fomu, hasa sehemu iliyomwagwa baada ya saa 10 jioni.

Mfuko wa saruji ni jambo dogo linaloumiza wengi kimyakimya. Una kilo 50. Usipangwe chini, upange juu ya mbao au tofali, kimo cha goti hadi kiuno, na anayeubeba begani atwikwe na wawili, asiutoe mwenyewe chini. Saa ya kwanza ya asubuhi iwe ya kufunga, kupima na kupanga, kwa sababu diski hunyonya maji usiku zikavimba na huwa rahisi kuumia mtu akiinama na mzigo mara tu atokapo kitandani. Akina mama wanaopandisha maji kwa kichwa wasisahaulike: ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo, kwenye mlima. Mpira wa maji au pipa lililojazwa jana yake litawaondolea yote hayo.

Maji ya kunywa, sasa. Mtu mmoja, kikombe cha mililita 250 kila dakika 20. Kwa watu 14 na saa 9 za kazi ni lita 95, yaani ndoo 5 kubwa, zikiwa na kikombe cha kila mtu na ziko kivulini pale wanapofanyia kazi. Zikiwa chini barabarani hakuna atakayeshuka. Mtu aliyepata staftahi na mlo wa mchana wenye chumvi hana haja ya kuongezewa. Asiyekula, au anayetoka jasho mpaka fulana inaacha chumvi nyeupe, apewe lita moja yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vinywaji vya kuongeza nguvu havichukui nafasi ya maji, vinamfanya mtu asisikie uchovu wakati mwili unahitaji ausikie.

Na mgeni asiingie mnyororoni siku ya pili. Kijana wako ametoka Kasulu, kwenye baridi ya juu, akashuka kwenye joto la ziwani, na mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kujifunza kutoa jasho vizuri. Siku ya kwanza apewe sehemu moja ya tano ya kazi ya kawaida ya joto, kesho yake mbili ya tano, na kuendelea hivyo. Mzoefu aliyekaa nyumbani kwa wiki kadhaa naye aanze na nusu.

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Aliyewaajiri anatakiwa awe amejisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wake unatoka kwa mwajiri, haukatwi kwenye ujira wa kijana. Ili jambo hili lisije kuwa neno la mtu dhidi ya mtu, andika leo kwenye daftari: jina la kila aliyeumia, tarehe, saa aliyoanza kuumia, alikuwa nafasi gani kwenye mnyororo, ndoo ilikuwa na ujazo gani, nani aliona. Weka na karatasi za hospitali humohumo. Kisha mwajiri atoe taarifa WCF bila kukawia. Jeraha la kunyanyua mzigo ni ajali ya kazini sawa na la aliyeanguka kwenye jukwaa, ingawa halina damu.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia kwa wiki zijazo. Kama mgongo wa yeyote utaendelea kuuma kupita wiki 6, unauma usiku hata akiwa amelala, na ana homa za jioni, jasho la usiku au anakonda, usiendelee kulaumu zege. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye uti wa mgongo bila hata kikohozi, na kina dawa.

Kurudi kazini, wa kiuno asubiri mpaka aweze kutembea nusu saa na kukaa nusu saa bila maumivu kushuka mguuni, kisha aanze na mizigo isiyozidi kilo 5, wiki inayofuata 10, na mnyororoni asiingie kabla ya miezi mitatu. Wa Kasulu asirudi mpaka vipimo vya figo na CK viwe vya kawaida na mganga aandike. Misuli yake ikilazimishwa mapema inaweza kupasuka tena kwa kazi ndogo kuliko ya kwanza. Wa bega anaweza kurudi hata kesho kutwa kama hana dalili ya kano kukatika, maana slabu yako inahitaji kumwagiwa maji siku 7, asubuhi, mchana na jioni, na kazi hiyo inafanyika kwa mpira na mkono mmoja ulio mzima. Mlipe siku kamili.